Nyuki wa jasho na maua ya asubuhi: mwongozo kamili wa kumtambua na kumtunza kando ya ziwa, Mwanza

Asubuhi ya joto, ukiwa unapalilia bustani Igombe, Kayenze au Nyegezi, mdudu mdogo hutua mkononi na kuanza kulamba jasho. Wengi humfukuza wakidhani ni nzi. Mara nyingi ni nyuki, tena nyuki wa hapahapa, aliyefuata chumvi kwenye ngozi yako. Wataalamu humweka katika familia ya Halictidae, yenye spishi zaidi ya 4,000 duniani, na kwa jina jepesi tunaweza kumwita nyuki wa jasho. Hakai kwenye mzinga, hana asali ya kurina, wala nta ya kuuza. Kwa hiyo mtu akimwaga saruji juu ya makazi yake hakuna anayeona hasara siku hiyo, na hakuna anayejua kuwa kuna kitu kimeondoka. Hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Ndani ya familia hiyo wapo wanaokula popote na wapo wachaguzi. Mchaguzi hunywa nekta kwenye maua ya aina nyingi, lakini chavua ya kulisha watoto wake huichukua kwenye kundi moja tu la mimea. Wengi wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lipotriches, kwa mfano, huhangaika na chavua ya nyasi. Ninayemlenga hapa ni wa jenasi ya Systropha, inayopatikana Ulaya, Asia na Afrika. Hawa wamejifunga na familia ya Convolvulaceae, yaani viazi vitamu na ndugu zake: ile mimea inayotambaa kwenye minyaa, kwenye majabali na kando ya njia, yenye maua ya umbo la tarumbeta, ya zambarau, meupe au ya njano hafifu. Mkoa wa Mwanza una matuta ya viazi kila upande, na ndugu za viazi wa porini wapo hadi kwenye kingo za maji.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana hatua zote zinarudi hapo. Nyuki huyu anahitaji maua yake na udongo mtupu, vyote viwili, tena vikiwa karibu. Nyuki wa umbo dogo haruki mbali, kwa kawaida ni mita mia chache tu kutoka kwenye shimo lake. Maua tele yaliyozungukwa na saruji hayamfai, na uwanja mtupu usio na maua nao haumfai.

Vifaa si vingi: daftari na penseli, simu yenye kamera, kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, njiti kadhaa za kuwekea alama, na lenzi ndogo ya mkononi ukiipata. Wavu wa kukamatia wadudu huuhitaji.

Hatua ya kwanza: mjue, na umjue asiye yeye

Systropha ni mweusi, mwenye manyoya ya kijivu au ya hudhurungi, na urefu wake ni kama milimita 8 hadi 10. Dume ndiye rahisi kumtambua: ncha za papasi zake, zile pembe mbili nyembamba za kichwani, zimejiviringa, jambo ambalo hutaliona kwa nyuki mwingine wa kawaida. Ukimpiga picha ya uso ikaonyesha ncha hizo, umeshamaliza nusu ya kazi ya utambuzi.

Jike papasi zake zimenyooka kama za wenzake, ila ana namna yake ya kubeba mzigo. Nyuki wa asali hukandika chavua iliyolowa nekta katika donge moja kwenye mguu wa nyuma. Jike wa Systropha huibeba kavu, kwenye manyoya ya ubavuni na chini ya tumbo. Akitoka kwenye ua akiwa amejaza, tumbo zima linaonekana limepakwa unga wa muhogo. Chavua ya Ipomoea, jenasi ya viazi vitamu, ni chembe kubwa, yapata sehemu ya kumi ya milimita, na zina miiba juu yake. Kwa lenzi utaziona mojamoja zimeshikana na manyoya.

Sasa wale wa kuchanganya naye. Wa kwanza ni wale ambao Watanzania wengi huwaita nyuki wadogo, wasiouma, wenye asali ya dawa. Nao hufuata jasho, hata machoni huingia. Hao wanaishi kwa kundi lenye malkia, kwenye pango la mti au ufa wa ukuta, na mlangoni kwao mara nyingi kuna mrija mdogo wa nta na utomvu. Wa kwetu huchimba ardhini, kila jike kwa ajili ya watoto wake. Wa pili ni nzi wa maua, wenye mistari ya njano inayodanganya. Mhesabu mabawa: nzi ana mawili, nyuki ana manne. Nzi pia ana macho makubwa yanayokaribia kukutana na papasi fupi mno, na huweza kuelea hewani pasipo kusogea.

Wa tatu ni nyuki wengine wa jasho, na hao ni wengi. Lasioglossum ni wadogo, baadhi hawafikii milimita 5. Wapo wenye kung'aa kijani cha madini, na wapo kina Nomia na Pseudapis, ambao tumbo lao mara nyingi lina mikanda myeupe. Hao pia huingia kwenye maua ya viazi, lakini ukiwafuata utawakuta baadaye kwenye kishona nguo, kwenye alizeti, kwenye ndulele. Usivunjike moyo ukiwakuta wao kwanza. Udongo unaowafaa ndio unaomfaa mchaguzi.

Kuhusu kuuma: dume hana mwiba kabisa. Jike anao, lakini haumi isipokuwa amebanwa kwenye kwapa au ndani ya kiganja, na maumivu yake ni madogo kuliko ya nyuki wa asali. Watoto wa shule wanaweza kukaa karibu na mashimo yake bila hofu. Mwenye mzio wa nyuki asijaribu bahati, akae mbali kidogo.

Hatua ya pili: tafuta maua, na ufike mapema

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maua ya Ipomoea na jamaa zake mengi hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo. Jua likiwa kali, saa 5 au saa 6 mchana tayari yamejikunja. Siku ya mawingu yanaweza kukaa wazi zaidi. Nyuki huanza kazi jua likishapasha ardhi joto, kwa hiyo muda wako mzuri ni kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Ukienda saa 8 mchana utakuta maua yamefungwa na utasema hayupo.

Majira nayo yana nguvu. Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba, masika ni Machi hadi Mei, na Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mimea inayotambaa huchanua vizuri baada ya mvua kukolea, hivyo tazama zaidi Desemba na Januari, kisha Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Nyuki mpweke, yaani asiyeishi kwa kundi, akishakomaa huishi juu ya ardhi wiki chache tu. Muda mwingi wa mwaka uliobaki kizazi kijacho kiko chini, kwenye vyumba vyake, kikisubiri.

Mahali pa kuanzia ni mashamba ya viazi yaliyoachwa yakachanua. Si kila aina ya kiazi huchanua sana, kwa hiyo uliza. Halafu angalia ua wa minyaa, maana Ipomoea cairica yenye maua ya zambarau hupenda kuparamia huko. Kwenye njia na viwanja vilivyolala, tafuta Ipomoea obscura: ua dogo la njano hafifu lenye doa jeusi-zambarau katikati. Kwenye maji kabisa, kando ya mitumbwi, utaona Ipomoea aquatica ikielea na maua yake meupe au ya waridi. Na usipuuze miguu ya majabali. Mwanza tunajivunia mawe yetu, lakini wachache huinama kuangalia kinachoota kwenye udongo uliokusanyika kati ya jiwe na jiwe, ambapo jembe haliingii. Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ni mahali pazuri pa kujifunza hili, ila kule ni kutazama na kupiga picha tu.

Ukiingia shamba la mtu, omba. "Shikamoo mama, naomba nikae hapa pembeni kidogo niangalie wadudu kwenye maua ya viazi." Mara nyingi mwenye shamba atakuambia mwenyewe ni tuta lipi linachanua, na pengine atakuonyesha mashimo uani ambayo amekuwa akiyafagia miaka yote.

Hatua ya tatu: kaa, hesabu, linganisha

Chagua maua kama 20 unayoweza kuyaona yote bila kusogea. Kaa upande ambao kivuli chako hakiyafunika. Kwa dakika 15 andika kila mdudu anayeingia: nyuki wa asali, nyuki mdogo, nzi, nyuki wa jasho, mengineyo. Andika pia saa, jua au mawingu, na upepo wa ziwani kama umeanza, kwa sababu upepo ukishika kasi wadogo hawa hupotea kwanza.

Tofautisha anayekunywa na anayekusanya. Dume hupita ua hadi ua kwa haraka, anachungulia, anaondoka, anawatafuta majike. Jike anayekunywa huzama hadi chini ya tarumbeta na kutoka akiwa safi au amechafuka kidogo tu. Anayekusanya hushughulika na stameni, vile vijiti vyenye chavua ndani ya ua, anajisugua, anajigeuza, na hutoka tumbo likiwa jeupe. Huyo ndiye wa kumwandika kwa makini.

Kisha fanya jaribio la uchaguzi. Katika eneo hilohilo kaa dakika 15 nyingine mbele ya maua mengine yaliyo wazi wakati uleule: kishona nguo, mgagani, alizeti. Ukimwona nyuki wako kule akinywa tu, na tumbo lake halina chavua ya njano, ushahidi unaanza kujengeka. Rudia asubuhi kadhaa kabla ya kuamini. Mdudu mmoja siku moja hathibitishi kitu.

Hatua ya nne: tafuta kiota

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayohitaji uvumilivu. Jike aliyejaza chavua huenda moja kwa moja nyumbani. Mtazame anavyoinuka kutoka kwenye ua na ukumbuke uelekeo wake. Sogea hatua kumi upande huo, simama, subiri mwingine. Usimkimbilie.

Unachotafuta ni tundu la duara, upana kama milimita 4 hadi 6, kwenye udongo mtupu wenye jua. Likiwa jipya huwa na kichuguu kidogo cha udongo laini pembeni au kuzunguka mdomo. Wasukuma huuita luseni ule udongo wa kichanga uliotokana na miamba ya hapa, na huo ndio wa kuangalia kwanza: haushiki maji, unapata joto mapema, na unachimbika bila kubomoka. Angalia njia za miguu, kingo ndogo zilizokatwa na maji ya mvua, pembe za viwanja vya mpira, na nyua zinazofagiliwa. Ua unaofagiliwa kila asubuhi hushindiliwa na kubaki wazi, na nyuki wa ardhini huupenda. Fagio likipita juu ya tundu huondoa kichuguu tu. Jike atasukuma udongo na kutoka kama kawaida.

Matundu ya ardhini yana wenyewe wengi. La sisimizi lina msururu wa watu wake. La buibui mara nyingi lina utando mdomoni. La nyigu mchimbaji huwa kubwa zaidi, na utamwona mwenyewe akiburuta kiwavi au panzi. Ukiwa na shaka, tumia kikombe: asubuhi kabla jua halijapiga, kifunike juu ya tundu na ukae hapohapo. Anayetaka kutoka atajitokeza ndani ya kikombe. Mpige picha, inua kikombe, mwache aende. Usiondoke ukakiacha kwenye jua, maana joto la ndani litamuua kwa dakika chache.

Chini ya tundu kuna njia inayoshuka, na pembeni mwake vyumba. Katika kila chumba jike huweka tonge la chavua lililochanganywa na nekta, hutaga yai moja juu yake, hufunga chumba, na hatarudi kulisha tena. Kila kitu ambacho buu atakula hadi awe nyuki kimo kwenye lile tonge. Kwa hiyo usichimbe kuona. Chumba kilichofunguliwa huingia ukungu, sisimizi au maji, na mtoto hafiki.

Unaweza kumwona nyuki mwingine akizungukazunguka chini chini juu ya mashimo: mwembamba, karibu hana manyoya, tumbo jekundu. Huyo mara nyingi ni wa jenasi ya Sphecodes, naye ni wa familia hiihii ya Halictidae. Hakusanyi chavua. Huingia kwenye viota vya wengine na kutaga yai lake juu ya tonge la mwenzake. Usimuue. Hawezi kuwepo pasipo wenyeji wa kutosha, hivyo kumwona ni dalili kwamba mahali pako pana uhai.

Weka njiti kando ya kila tundu, sentimita 10 kutoka mdomoni, na chora ramani kwenye daftari. Nyuki hukumbuka mazingira ya mlango wake, na ukihamisha mawe au kuweka njiti nene karibu mno atazunguka akilitafuta tundu lake.

Hatua ya tano: picha na kumbukumbu

Kwa kila nyuki jaribu picha tatu: uso na papasi, ubavu mzima, na mgongo wenye mabawa. Ongeza picha ya ua na ya jani, kwa sababu ndugu wa viazi hutofautishwa kwa majani pia. Wakati mzuri wa kumpiga picha dume ni alfajiri au jioni, anapolala nje. Madume ya nyuki wapweke hawana nyumba: hushika kijiti kwa meno au hujificha ndani ya ua lililofungwa, na wakiwa baridi hawaruki.

Pakia kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi na kutambua viumbe kwa picha, ukiandika tarehe, saa, mahali na ua. Watambuzi wengi wataishia kwenye jenasi, maana spishi nyingi za Afrika haziwezi kutenganishwa kwa picha. Hilo halina tatizo. Rekodi ya jenasi yenye tarehe na ua ina thamani kuliko jina la spishi lililobahatishwa. Mahali pakiwa ni nyumbani kwa mtu, ficha eneo kamili kwenye mipangilio.

Hatua ya sita: linda udongo, au utengeneze

Ukipata mashimo, kazi kubwa ni kutofanya kitu. Usilime pale, usiweke matandazo ya majani, usimwage maji ya sabuni, majivu ya moto wala mafuta machafu. Watu wa mwaloni wanaovua magugu maji na kuyalundika kwenye ukingo, wayapeleke sehemu yenye nyasi tayari. Lundo lile lililooza juu ya udongo mtupu hufunika milango yote kwa msimu mzima. Kuku ndio adui wa kila siku, kwa kuwa huparua na kudonoa. Zungushia matawi ya miiba au wavu wa kuku, urefu wa goti watosha kwa vifaranga, kifua kwa jogoo.

Kama ardhi yako ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuwa tope masika, tengeneza kitanda. Chagua mahali panapopata jua la mashariki. Hili nalisisitiza: maua yanafungwa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nyuki anayepashwa joto saa 1 asubuhi ana saa nyingi za kazi kuliko yule ambaye udongo wake unakaa kivulini hadi saa 4. Pima mita 1 kwa 2. Inua kwa mawe pembeni hadi sentimita 40 au 50, jaza luseni iliyochanganywa na mfinyanzi kidogo, ukilowesha na kushindilia kila tabaka. Kipimo changu ni cha mkono: finyanga ngumi ya udongo wenye unyevu. Ukibaki na umbo, kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole, unafaa. Ukimwagika ni mchanga mtupu, na ukibaki donge gumu mfinyanzi umezidi. Kipe mteremko kidogo ili maji yasituame.

Kila baada ya wiki mbili kata nyasi usawa wa ardhi kwa kisu. Usizing'oe, kwa kuwa mizizi ikitoka hubomoa njia za chini. Acha theluthi ya kitanda iwe na mimea mifupi michache, na sehemu iliyobaki iwe wazi kabisa.

Niseme ukweli kwa mkulima anayeuliza faida. Mchaguzi wetu hatakuongezea magunia ya viazi, kwa kuwa viazi tunavipanda kwa marando, si kwa mbegu. Anayefaidika na uchavushaji wa viazi ni mtafiti anayetafuta mbegu za kuzalisha aina mpya, kwani kiazi kitamu kwa kawaida hakijichavushi chenyewe. Lakini kitanda kilekile kitaleta binamu zake, na hao wanahesabika sokoni. Maua ya nyanya, bilinganya na ngogwe hufungia chavua ndani ya stameni zenye vitundu, na haitoki vizuri bila kutikiswa. Baadhi ya nyuki wa jasho hushika ua na kutetemesha misuli ya kifua hadi chavua imwagike. Utasikia mlio mkali wa muda mfupi. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Wakulima wa nyanya kandokando ya ziwa wana sababu ya kuacha mita mbili za ardhi bila jembe.

Hatua ya saba: maua, na tahadhari ya fukusi

Njia rahisi ni kuacha. Chagua kona ya uzio na usiipalilie hadi maua yaishe. Kama hakuna kitu, kusanya vidonge vikavu vya mbegu za mimea ya porini iliyo karibu nawe. Ganda la mbegu zake ni gumu: likwaruze kwa msasa upande mmoja, loweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu, panda zilizovimba mvua za vuli zikianza. Ipomoea cairica huota hata kwa vipande vya shina. Mbuzi huyapenda majani hayo, basi funga mbuzi.

Usipande Ipomoea carnea, ile ya kichaka yenye maua makubwa ya waridi ambayo wengine huiweka kama uzio wa nyumba. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ina sumu inayodhuru mbuzi.

Tahadhari kubwa ni hii. Fukusi wa viazi, wale wa jenasi ya Cylas, huzaliana pia kwenye ndugu wa porini wa viazi. Kona ya maua iliyopakana na matuta ya viazi vya kuuza ni ghala la fukusi. Weka kona yako upande wa mbali kabisa wa shamba, karibu na mahindi au mihogo, na nyuki ataruka umbali huo bila shida. Kwenye viazi vyenyewe endelea na yale ya siku zote: marando safi, kupandishia udongo ili nyufa za tuta zisiachwe wazi, na kuvuna kwa wakati. Shamba dogo lisilo na pembe ya mbali lisiwe na kona ya maua ya porini. Mwenye shamba hilo aweke kitanda cha udongo peke yake, na maua yatoke kwa jirani au barabarani.

Nyuki pia anahitaji nekta siku ambazo tarumbeta ni chache. Kishona nguo na mgagani vinatosha.

Hatua ya nane: dawa

Kwenye bustani na kwenye pamba dawa za kupulizia hazikwepeki mara zote. Ukilazimika, pulizia jioni baada ya saa 10, upepo ukiwa umetulia. Kwa nyuki huyu muda huo una faida ya pekee: ua la leo limeshafunga, na la kesho bado ni tumba, hivyo dawa haiingii ndani. Dawa zinazofyonzwa na mmea, kama zenye imidakloprid, hazizuiliki kwa saa, kwani huweza kufika hadi kwenye chavua. Hizo usizitumie karibu na kona ya maua wala kuzimwaga kwenye udongo wa kitanda, ambako watoto wamo kwa miezi. Dawa ya magugu kwenye mipaka na kingo za njia ndiyo inayomaliza maua haya kimyakimya. Tumia panga pale, baada ya maua kuisha.

Hatua ya tisa: zaidi ya ua wako

Usukumani tuna desturi ya ngitili, eneo linalofungwa mifugo isiingie ili malisho ya kiangazi yapate kukua. Mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliirudishia heshima. Ndani ya ngitili iliyotunzwa mimea inayotambaa huchanua bila kuguswa, na njia za ng'ombe pembeni hutoa udongo mtupu. Kijiji kikikaa kupanga matumizi ya ardhi, hilo litajwe. Kwenye ukingo wenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukanda huo ukiheshimiwa ni njia ndefu ya maua na mchanga. Ualike uongozi wa mtaa na walimu wauone pamoja nawe asubuhi ya maua, saa 3, si kwa maelezo ya ofisini.

Kiangazi usiguse kitanda, hata kionekane kimekufa. Vuli ikirudi, fungua daftari, kaa mbele ya maua 20 mahali palepale kwa dakika zilezile, na hesabu matundu karibu na njiti za mwaka jana. Ukiona nyuki kwenye maua lakini kitanda hakina tundu, tatizo ni udongo: ongeza luseni, ongeza mteremko, punguza kivuli. Ukiona matundu na maua hayana mgeni, angalia kwanza saa uliyofika, kisha muulize jirani alipulizia nini na lini.